Jani la Gwashahan

Kama kuna kitu Janset alikuwa hakiwezi, ni kuambiwa jambo haliwezekani halafu akae kimya. Ndiyo maana Alhamisi ile, siku moja kabla ya ukoo mzima wa Anzoroko kukusanyika mjini Wadi Sir, meza ya kulia ya nyanya yake ilikuwa haionekani. Ilifunikwa na turubai jeupe lililoning'inia mpaka sakafuni, na juu ya turubai Janset alikuwa amechora mti, mwaloni mnene wa kweli kweli. Majani ya kijani yalikuwa na majina ya wanaume. Mekundu yalikuwa ya wanawake.

Hayo mekundu ndiyo yaliyomtoa jasho. Miti ya koo nyingine aliyokuwa ameiona ilikuwa ya wanaume watupu, utadhani walizaana wenyewe kwa wenyewe. Ami yake Shamil, mwenyekiti wa kamati, alitaka na huu uwe hivyo hivyo.

"Binti akiolewa anakwenda na jina lake," alisema kikaoni. "Sasa tumwandike wa nini? Tukamtafute wapi?"

"Tukawatafute kwa waume zao, Ami," Janset akamjibu. "Si nyinyi wenyewe mliowapeleka, tena kwa ngoma?"

Wazee wakacheka, na kwao mzee akishacheka umeshashinda. Ikakubaliwa kila mwanamke aliyezaliwa kwa Anzoroko apate jani lake, na chini yake waandikwe watoto na wajukuu. Kwa wale ambao haikujulikana walikoishia, Janset alichora vijiti vitupu. Wajukuu zao wangekuja kesho ukumbini kuvijaza kwa mkono wao.

Alikuwa anakausha jani la mwisho wakati gari liliposimama nje. Hakuinua kichwa. Aliijua ile namna ya kufunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na moyo wake ukaanza vituko vyake vya kila Alhamisi.

"Hodi wenyewe!"

"Umekuja kuniona mimi au umesikia harufu ya haliva?"

Haliva ni sambusa nene za jibini, na za Nana, nyanya yake Janset, zilikuwa zinanukia mpaka barabarani. Yanal alisimama mlangoni, mrefu, shati limekunjwa mikono, uso umechomwa na jua la mashamba ya Naur alikokuwa akitibu mifugo ya watu.

"Haliva," alisema. "Wewe nimekukuta njiani tu."

"Basi pitiliza jikoni. Hapa utachafua mti wa watu."

"Nikichafuka nitaoshwa na nani?"

"Na mama yako. Mimi sijaandikwa kazi kwenu."

"Kesho unaandikwa."

Hapo Janset akainua kichwa, na utani ukamkauka mdomoni. Yanal alikuwa anamwangalia kwa yale macho yake ya kutulia, yasiyo na haraka wala woga. Macho yakatua kwenye doa la rangi nyekundu shavuni kwake, yakakaa hapo. Hakumgusa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kama desturi inavyotaka, kijana anapomtembelea msichana kwao. Lakini Janset alihisi shavu linamwaka moto kana kwamba amemgusa kweli.

Kesho, wazee wa Yanal wangefika ukumbini. Wangekula, wangesifu mti, halafu wangemwomba Ami Shamil ampe kijana wao mkono wa Janset. Baba yake alikuwa amefariki, na neno la nyumba hiyo lilikuwa la Ami. Naye Ami alikuwa ameshawapenda. Alichotaka kujua ni kimoja tu, kile wanachotaka kujua Wacherkesi, kabila lao, wote kabla ya harusi: kwamba kijana na msichana si ndugu. Kwa majirani zao Waarabu mtu anaoa binti ami na vigelegele vinapigwa. Wacherkesi wakisikia hivyo hushika vichwa. Kwao ni vizazi saba, kwa baba na kwa mama, na ukikuta damu humo basi huyo ni dada yako, tafuta mwingine.

"Mti umekauka?" Mama Shangul, mke wa Ami, alichungulia akiwa na sinia la vikombe. "Yule mtu ananiuliza tangu asubuhi."

"Mtu gani huyo, Mama Shangul?" Yanal akauliza kwa uso mkavu.

"Wewe! Nyamaza nisije nikakumwagia chai."

Wakacheka wote. Tangu aolewe, miaka arobaini sasa, Mama Shangul hajawahi kulitamka jina la mumewe. Ni heshima ya bibi arusi wa zamani, na yeye aliishika mpaka leo. Alikuwa "yule mtu," au "mwenye nyumba," na siku akikasirika "huyo mwenye fimbo." Kwa sababu Ami Shamil ndiye aliyeshika fimbo ya ngoma kwenye kila harusi ya Wadi Sir. Yeye ndiye aliyekuwa akimwingiza kijana uwanjani, kisha akipita mbele ya wasichana kumchagulia wa kucheza naye. Na kwa kuwa wanaocheza pamoja huweza kuoana, katika umri wake wote hajawahi kuwaingiza ndugu wawili pamoja. Alijisifu kwa hilo kuliko kwa nyumba yake ya mawe.

Mama Shangul akaenda zake, na Yanal akatoka nje akarudi na sanduku la ngozi.

"Mlisema mnatafuta kodiani ya zamani kwa ajili ya ngoma. Nimewaletea ya Nisadah."

"Nani?"

"Mama yake babu yangu. Nisadah, si nimeshakwambia habari zake? Yule aliyekuwa akipiga, wanaume wanaacha chakula."

Alikuwa anaitoa kodiani kwenye sanduku, kinanda kile cha kukunja na kukunjua kifuani, wakati Nana alipoingia na sahani ya haliva. Yanal akasimama wima papo hapo, kama kijana yeyote mwenye adabu mzee anapoingia.

"Kaa, mwanangu, kaa." Nana akaweka sahani, halafu akakiona kinanda, na mkono wake ukabaki hewani. "Hebu nipe hiyo."

Alikipakata. Akapitisha kidole kwenye mkanda wa kushikia, ulioshonwa upande usio wake.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto," Nana alisema polepole. "Aliipiga imegeuzwa kichwa chini. Mumewe akahamisha mkanda akaushona upande wa pili. Yanal, hii kodiani umeitoa wapi?"

"Kwetu, Nana. Ni ya Nisadah."

"Nisadah!" Nana akapiga paja lake. "Nyumba gani isiyokuwa na Nisadah? Hilo si jina, ni 'bibi arusi mzuri' tu, jina wanalokubandika wakweo unapofika kwao. Kwao alikuwa Gwashahan. Alipiga kinanda hiki kwenye harusi yangu, mimi nimekaa kwenye kona nimefunikwa, natamani nisimame nicheze. Shangazi yake marehemu mume wangu huyo!"

Alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota pete iliyopotea. Halafu akamwangalia mjukuu wake, na furaha ikamtoka usoni.

Janset alikuwa ameshaliona. Lilikuwa pale kwenye turubai, juu kidogo ya kiwiko chake: jani jekundu, *Gwashahan binti Tembot, aliolewa Naur*, na chini yake kijiti kitupu. Kando yake jani la kijani la kaka yake, Yusuf. Yusuf akamzaa Ishak, Ishak akamzaa baba yake Janset. Gwashahan akamzaa babu yake Yanal, babu akamzaa baba. Kutoka kwa Tembot, wanne huku, wanne huku: hata saba hawafiki.

"Mafuta yangu yanaungua," Nana alisema kwa sauti ndogo, akaondoka. Jikoni hakukuwa na mafuta yoyote motoni.

Yanal alikaa. Akauangalia mti kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Nana. Mimi. Na wewe."

"Nana hatasema."

"Hatasema."

"Basi kiache kijiti kama kilivyo." Akamwinamia, sauti chini. "Sikwambii uandike uongo, Janset. Nakwambia usiandike kitu. Aliolewa Naur, basi, yameishia hapo. Kidini mimi na wewe ni halali kabisa, hata sheikh atatucheka."

"Najua ni halali."

"Sasa?"

"Sasa unataka nimwache Gwashahan njiani, kama walivyomwacha wote." Hakupandisha sauti. "Kuacha ndiko walikofanya, Yanal. Hakuna aliyeandika uongo. Waliacha tu, wakaacha, wakaacha, mpaka mwanamke aliyepiga kinanda wanaume wakasahau kula akawa hana hata jina. Nimesimama mbele ya wazee nikawaambia mti wangu hautafanya hivyo. Leo jambo linanigusa mimi ndio nifumbe macho?"

Nana akapita mlangoni. Yanal akasimama. Nana akaondoka. Yanal akakaa.

"Mimi nakwambia habari za maisha yetu, wewe unaniambia habari za turubai!"

"Turubai hilo ndilo maisha yetu. Mimi nimo humo, na wewe umo. Unataka nikuoe nikiwa nimekuficha?"

"Wewe ndiye unaolewa, mimi ndiye ninayeoa."

"Tutaona."

Kwa nusu nukta ile kicheko kilitaka kumtoka Yanal, akakimeza. Nana akapita tena. Yanal akasimama tena, safari hii kwa hasira, goti likagonga meza.

"Basi nikuibe," alisema alipokaa, akisugua goti. "Leo hii, kama mababu. Gari liko nje. Wakishajua tumekwenda watalazimika kuozesha."

Janset alimtazama. Msomaji, usidhani hakutamani. Alitamani mpaka vidole vya miguu. Alijiona tayari kwenye kiti cha mbele, dirisha wazi, barabara ya Naur inateremka mbele yao.

"Hapana," akasema. "Nitatoka nyumba hii kwa mlango wa mbele, kama wasemavyo wazee, mchana, Ami yangu amesimama."

"Na kama Ami yako hatasimama?"

Macho ya Janset yalikuwa yameteleza kwenye turubai, kwenye majani mekundu na vijiti vitupu vilivyoning'inia chini yake. Vilikuwa vingi. Binti huyu Naur, yule Jerash, huyu Sweileh. Na Wacherkesi wa nchi hii walikuwa vijiji vichache tu. Hao wote walikwenda wapi, kama si kwa hawa hawa?

"Janset. Nakuuliza. Jina la bibi, au mimi?"

"Vyote viwili," alisema. "Na kesho nitavipata."

"Unajiamini wewe!"

"Si ndiyo maana unanipenda?"

Yanal akainuka. Hakuichukua kodiani. Mlangoni aligeuka akamtazama mtazamo mrefu, wa mtu anayetaka kukumbuka.

"Kesho nitakuwa uwanjani," alisema. "Ami yako akikupita na ile fimbo yake, nitakuwa nimepata jibu langu."

Gari lake halikufungwa mlango taratibu safari hii. Janset alifuta machozi kwa kiganja chenye rangi, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akaanza chini ya Gwashahan. Mtoto. Mjukuu. Kisha, kwa maandishi mazuri kuliko yote ya turubai lile: *Yanal*.

*

Ijumaa baada ya swala ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Turubai lilitundikwa ukuta mzima. Watu walikuwa wanatafutana kwa vidole, wanapiga kelele, "Njoo uone, mimi nimo!" Kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi alikuwa anapakuliwa, na wazee wa Yanal wamekaa viti vya heshima wakinywa chai.

Ami Shamil alikuja na koti lake refu la sherehe, fimbo mkononi. Akausoma mti kuanzia shina, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika kwa Gwashahan. Hapo fimbo ikashuka.

"Janset. Njoo."

Akaja.

"Hii ni kweli?"

"Ni kweli, Ami. Muulize Nana."

"Kwa nini umeandika?" Aliuliza kwa uchungu, si kwa ukali. Alikuwa anampenda. "Ungeniacha nisijue, mwanangu."

"Wewe ulinifundisha tusidanganyane kwenye mambo ya ukoo."

Mzee akavuta pumzi, akawageukia wageni. Ukumbi ukanyamaza wenyewe.

"Ndugu zetu wa Naur," alisema. "Tuliwangoja kama wakwe. Kumbe mmekuwa ndugu zetu kweli kweli. Bibi yenu ni binti yetu. Karibuni zaidi ya mlivyokaribishwa. Lakini lile jambo jingine halipo tena, na mnajua kwa nini."

Wazee wa Yanal waliinamisha vichwa. Walijua. Yanal alikuwa amesimama safu ya vijana, uso wa jiwe. Janset akasogea mbele ya turubai.

"Ami," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "mti haujaisha. Kikao kilikubali kila mwanamke ajaziwe kijiti chake kabla ya ngoma. Kalamu nyekundu ziko mezani. Mama zangu, karibuni."

Hakuna aliyesogea. Wanawake waliangaliana. Mmoja akakohoa. Janset aliangalia kalamu zile, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaogopa kweli.

Halafu Mama Shangul akaweka chini sinia lake.

Alijifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akapita katikati ya ukumbi, akachukua kalamu. Hakwenda kwenye jani la mumewe, ambako alikuwa tayari ameandikwa ubavuni kama mke. Alikwenda upande wa pili, chini ya jani la dada yake Gwashahan: *Hurey binti Tembot, aliolewa Jerash*. Akaandika jina la mama yake. Chini ya mama yake akaandika jina lake mwenyewe, *Shangul*.

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Waliohesabu kwa vidole ndio waliotangulia kuguna. Kutoka kwa Tembot mpaka kwa Shamil, watatu. Kutoka kwa Tembot mpaka kwa Shangul, watatu.

"Wao wako karibu kuliko Janset na huyu kijana!" mtoto mmoja akapiga kelele dirishani, akazabwa kofi la kichwa na mama yake.

Ami Shamil alikuwa ameganda. "Wewe... ulijua?"

"Tangu kabla sijaja kwako. Mama aliniambia ninyamaze, nikanyamaza." Alimgeukia, kalamu bado mkononi, na mashavu yake yalikuwa yamewiva kama ya msichana. "Nimekupikia, nimekuzalia, nimekuuguza. Sijawahi kukuita jina mbele za watu. Leo nakuita. Shamil!"

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja.

"Shamil, sema sasa wanasikia. Mimi ni dada yako? Nirudi kwetu Jerash?"

Mzee akamgeukia mama yake, Nana, kwenye kiti chake cha mbele.

"Usiniangalie mimi," Nana alisema, akichukua haliva ya pili. "Nilikuwa nakutafutia mke mzuri. Sikuwa natafuta mti."

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Kikaruka kwa vijana, kikawafikia mpaka wageni wa Naur, ambao mmoja wao alipaliwa na chai. Wanawake wengine walikuwa wameshainuka, wanagombania kalamu, "Lete hapa, na mimi nina langu!" Ami Shamil peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia mkewe kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na sauti anayoijua.

"Urudi Jerash ufanye nini?" alisema mwishowe. "Nani atanitafutia miwani?"

Halafu akaigonga fimbo sakafuni.

"Ngoma!"

Watu wakajipanga duara, vijana huku, wasichana huku. Nana mwenyewe alikuwa ameipakata kodiani iliyogeuzwa kichwa chini, akizitafuta kwa vidole vizee sauti za wimbo wa harusi yake. Ami akatembea mbele ya vijana, akapita wa kwanza, akapita wa pili, akaielekeza fimbo kwa Yanal. Yanal akaingia uwanjani, mgongo umenyooka, macho mbele. Hakumtazama Janset. Alikuwa anaogopa kumtazama.

Ami akavuka upande wa wasichana. Aliwapita wawili. Akampita mwingine. Hatua zake zilikuwa nzito, na kila alipopita msichana, watu waliacha kupiga makofi kidogo, kisha wakaendelea.

Akafika mbele ya Janset, akasimama.

Alimtazama binti wa kaka yake, mwenye yale macho ya marehemu baba yake. Kisha, mzee ambaye hajawahi kuwaingiza ndugu wawili uwanjani pamoja, akaishusha fimbo mbele ya miguu ya Janset na kumpisha njia.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Toka kwa mlango wa mbele."